Huyu Si Wako, Rudi

Mniwie radhi mapema, kwa sababu hadithi hii nitaiharibu. Mimi ni mtu wa jukwaani. Nimezoea kuanguka ndani ya karai ili watu wacheke, na jambo la kuogofya likipitia mdomoni mwangu hutoka limevaa kofia ya mzaha. Mkifika mahali pa kutetemeka mkajikuta mnacheka, si kosa lenu. Na wale mlioniona jukwaani, mnaoniuliza kila mara ni mafuta gani hulaza nywele zangu hivi upande wa kushoto, vumilieni. Hilo nalo limo.

Lakini kuna mtu wa kulaumiwa, na nitamtaja wazi. Anaitwa Jeconia. Mshikeni huyo.

Mwaka ulikuwa wa hamsini na sita, kwenye shamba moja la makonge nje ya Thika, pale ambapo ukiinua kichwa tu unaonana na Kilima Mbogo. Jumatatu asubuhi Mwongeli alimwamsha binti yake Kanini, wa miaka saba, akakuta nywele zake zimelowa. Halikuwa jasho. Zilikuwa zimelala zote upande mmoja, zimeshikana kwa ute, kama kichwa cha ndama aliyezaliwa sasa hivi. Mwongeli alinusa kiganja chake. Kilinuka dang'a, yale maziwa ya kwanza mazito ambayo ng'ombe hutoa akishazaa. Na katika laini ile nzima ya nyumba za wafanyakazi hapakuwa na ng'ombe, wala mbuzi, wala mwanamke aliyejifungua.

"Baba Musembi," akamwita mumewe. "Njoo unuse mtoto."

"Kwani mtoto ni samaki?"

"Njoo tu."

Muasya akaja, akainama, akanusa. Hakutania tena siku hiyo.

Muasya alikuwa mlinzi wa stoo ya kamba, na kabla ya hapo alikuwa mwindaji kwao Yatta tangu hajaota jino la pili. Mwaka huo wa Hali ya Hatari bunduki ilikuwa ya mzungu na askari, lakini meneja alimwachia upinde kwa sababu paa na sungura walikuwa wanamaliza maharagwe ya bustani yake. Sasa, jana yake, Jumapili baada ya kanisa, Muasya alikuwa amewatoa watoto wake wote wawili kuwinda kwa mara ya kwanza: Musembi wa miaka kumi, na Kanini. Majirani walisema msichana hafundishwi upinde. Muasya aliwauliza kama msichana hali nyama.

Walipita mistari ya makonge hadi kwenye nyasi za upande wa mto Ndarugu, naye akawafundisha vile alivyofundishwa. Upepo uwe usoni, usiwe mgongoni. Ukanyage kwa ukingo wa mguu. Na porini jina la mtu haliitwi. Wawindaji huitana kwa mluzi, maana jina likishatoka mdomoni kule hujui nani amelidaka.

Kisha akawafundisha mwito. Alibandua ngozi nyembamba ya jani changa la mkonge, akaibana katikati ya vidole gumba viwili, akapuliza. Ikatoka sauti ya mtoto wa paa aliyenaswa.

"Mama yake akisikia hivyo, atakuja," alisema. "Mkiona ana maziwa, hatupigi. Lakini pia hatumwachi hivyo hivyo. Unasimama akuone, unapiga makofi, unamwambia, Huyu si wako, rudi. Mama ambaye hajaambiwa hivyo haachi kutafuta."

"Na kama hasikii Kikamba?" Musembi akauliza.

"Mwambie kwa Kiswahili. Hata makarani wanasikia."

Nyuma yao alikuwa anakuja huyo Jeconia. Hakualikwa. Alikuwa jirani yao wa ukuta mmoja, mkata makonge aliyetoka magharibi na blanketi moja na mdomo mmoja, na kati ya mizigo hiyo miwili mdomo ndio uliokuwa mzito. Kazi yake hasa ilikuwa kuiga watu siku za Jumamosi kwenye ukumbi wa wafanyakazi: meneja akikohoa, nyapara akisali, mke wa karani akiomba chumvi. Umri wake ulikuwa miaka ishirini na mitatu, akili yake ya bata. Kwa sauti angeweza kuwa mtu yeyote, isipokuwa mtu wa maana.

Kanini akapuliza jani. Mara ya pili, nyasi zikaachana, akatokea paa jike, kiwele kimejaa. Muasya akasimama, akainua mikono apige makofi, na kabla hajafungua mdomo, sauti nyembamba ya msichana ikasema nyuma yake:

"Mama, mimi Kanini. Niko hapa."

Watoto wakaangua kicheko. Muasya akageuka kama aliyeumwa na siafu. "Nani amesema?"

Kila mtu akatazama viatu vyake, hata wasiokuwa na viatu.

Na yule paa hakukimbia. Mnyama ambaye huruka hata jani likianguka, alisimama katikati ya kicheko kile, anamtazama Kanini. Alimtazama mpaka kicheko kikaisha chenyewe. Halafu akarudi kinyumenyume, hatua kwa hatua, bila kugeuza shingo, mpaka nyasi zikamfunika. Muasya akapiga makofi, akasema maneno yale, lakini sasa alikuwa anaziambia nyasi.

Hiyo ndiyo Jumapili. Jumatatu, nywele. Jumanne Kanini alikataa uji, akaonekana nyuma ya nyumba akichuma ncha za nyasi kwa midomo, mikono ameiweka mgongoni. Jumatano saa saba mchana, jua likiwa utosini na laini nzima kimya, wanaume wako kazini, ikasikika kutoka kwenye makonge sauti ya mtoto wa paa. Mara moja. Mara mbili. Mwongeli alipogeuka kumwambia binti yake asitoke, kigoda kilikuwa kitupu.

Walimkuta ndani ya mstari wa kwanza wa makonge. Alikuwa amelala chini amejikunja, kidevu kimegusa ardhi, macho wazi. Mama yake alikuwa amempita mara tatu akimwita, na hakujibu, hakupepesa. Kichwa kilikuwa kimelowa.

Muasya alielewa kabla ya mkewe. Paa humficha mtoto wake hivyo. Humlaza kwenye nyasi, humwamuru asisogee, kisha huenda kula, na mtoto hatasogea hata ukimkanyaga. Na kila siku mama humhamisha, mbali kidogo na jana.

Alhamisi walimkuta mstari wa kumi.

Jioni hiyo Muasya alimshika mwanawe. Kupitia ukuta wa bati, laini nzima ilisikia.

"Ni wewe uliyeitikia kwa jina la dada yako."

"Si mimi, Baba."

"Kulikuwa na mtoto mwingine pale?"

"Si mimi. Ilikuwa sauti yake mwenyewe."

"Kanini, ni wewe?"

Na Kanini, polepole, kama anayekumbuka lugha ya ugenini: "Ilikuwa sauti yangu. Lakini sikusema."

Fimbo ikaanza kulia. Na upande wa pili wa ukuta, mwanamume mzima, Jeconia, alikuwa anasonga ugali wake. Alisikia fimbo ya kwanza, ya pili, ya sita. Alisonga ugali ule mpaka ukawa mgumu kama tofali, lakini mdomo ule uliowahi kuwa meneja, nyapara na mke wa karani haukuweza kuwa wake mwenyewe hata kwa neno moja. Niliwaambia mtu huyu ni ovyo.

Ijumaa mwalimu wa kanisa aliomba mpaka sauti ikakauka, na Kanini akapatikana mstari wa thelathini. Ndipo Mwongeli, ambaye hakuwa anataka kusikia habari za waganga, akasema mwenyewe, "Mwite shangazi yako."

Shangazi huyo, Syombua, aliishi Ruiru, kwenye shamba la kahawa, akiuza ugoro. Alifika Jumamosi asubuhi, mwembamba, mkavu, na kitu cha kwanza alichofanya ni kuweka pua kwenye utosi wa mtoto, akaiacha hapo muda mrefu.

"Huyu ameshapata mama mwingine," akasema.

"Paa, mwaitu?" Muasya aliuliza, akimwita mama kwa heshima ya kwao.

"Alikuja na ngozi ya paa. Kuna jini wa kule Ndarugu aliyepoteza mtoto zamani, kabla ya makonge, na hutembea ndani ya chochote chenye maziwa. Wawindaji humwambia arudi, naye hurudi. Ninyi mlimwambia, Niko hapa, mkampa na jina. Nani?"

Musembi aliweka mikono yake matakoni.

"Sikilizeni. Mimi sina dawa ya hilo. Jina hurudishwa na mdomo uleule uliolitoa, porini, mbele ya aliyelidaka. Leo inatimia siku ya saba. Leo atamvusha mto. Baada ya hapo msinisumbue, sitakuwa na la kufanya."

Jeconia alikuwa amesimama mlangoni na sahani ya kuazima chumvi. Mwongeli alimwekea chumvi. Akasema asante, mama. Akaondoka.

Saa saba ilipofika walikuwa wamemfunga Kanini kwa leso kwenye mguu wa kitanda, baba yake ameketi mlangoni, mama yake amemshika. Mwito ukalia kwenye makonge. Mara moja. Mara mbili. Mwongeli anaapa kwamba alipepesa jicho tu. Leso ilibaki mkononi mwake ikiwa imefungwa vilevile, fundo halijaguswa, imelowa na kunuka dang'a.

Alitoka nje mbio, akisahau marufuku yote ya mwindaji. "Kanini! Kanini, uko wapi?"

Na makonge yakamjibu: "Mama, mimi Kanini. Niko hapa."

Mwongeli akalia kwa furaha, akaikimbilia sauti. Muasya nyuma yake. Katika laini nzima ni mtu mmoja tu aliyejua kwamba yule hakuwa Kanini, maana kabla ya neno "mimi" palikuwa na pumzi ndogo, kijishimo cha hewa ambacho Jeconia alikuwa akikiweka hapo makusudi ili watu wacheke. Hiyo ilikuwa sauti yake. Kazi yake ya mikono, kama viatu alivyoshona mwenyewe, sasa vinatembea bila yeye.

Akatupa sahani aliyokuwa anakulia. Akampita Muasya, akamshika Mwongeli bega.

"Simama, mama. Huyo si mtoto, huyo ni mimi."

"Wewe uko hapa."

"Ni mimi wa Jumapili. Ni mimi niliyesema." Akamgeukia Muasya. "Musembi hakusema kitu."

Muasya hakumpiga. Alisogea kando, akamwonyesha njia kwa kidevu, na hilo lilikuwa baya kuliko kupigwa.

Akaingia peke yake, akahesabu mistari hadi hesabu ikampotea, na kadiri alivyoenda ndivyo ndege walivyonyamaza na harufu ya dang'a ikazidi kuwa nzito mpaka ikawa kama anaimeza, na miiba ya makonge ikamchana mapaja asisikie, na mbele yake mto ukaanza kusikika, na akaona nguo ya Kanini, nguo ya bluu chini ya jani, na mtoto amejikunja ndani yake hatikisiki, na juu ya mtoto kichwa kimeinama kinamlamba nywele, taratibu, upande mmoja, kwa ulimi mrefu mno, na kile kichwa kilipoinuka masikio yalikuwa ya paa lakini kiliendelea kuinuka, kikapita jani, kikapita mkonge wenyewe, na macho yaliyokuwa yanamtazama kutoka kule juu hayakuwa ya mnyama, yalikuwa ya mwanamke aliyetafuta kwa muda mrefu sana.

Jeconia alipiga makofi. Hayakutoa mlio, mikono ilikuwa imelowa jasho. Akafungua mdomo.

Alitoka na Kanini mgongoni. Mtoto alikuwa analia, analalamika kwamba amechomwa na miiba na ana njaa, na Mwongeli alimpokea akamnusa: vumbi tu, na jasho la mtoto. Jioni Kanini alikula maharagwe sahani mbili. Muasya hakumwambia Musembi pole kwa mdomo. Alitundua upinde ukutani, akamkabidhi.

Syombua alikuwa anafunga mzigo wake arudi Ruiru alipomwita Jeconia.

"Ulimwambia nini, hasa?"

"Vile mzee alivyofundisha. Huyu si wako."

"Halafu?"

"Halafu nikaogopa. Akawa ananiangalia tu. Unajua mtu akikuangalia bila kucheka, unaongeza neno."

"Ukaongeza neno gani?"

"Ni mimi."

Kikongwe akavuta ugoro, akakaa nao puani. "Huyu si wako, ni mimi."

"Ndiyo, mwaitu."

"Na rudi?"

"Nilisahau."

Syombua alimtazama kichwani kwa muda, akafunga leso yake, akashika njia ya Ruiru bila kuaga.

Jeconia ni mimi. Miaka yangu yote ya jukwaani nimedai kuwa watu mia moja, na yule ndiye mtazamaji pekee aliyeniamini. Nilihama Thika, akahama. Nilioa, mke akaondoka kwa sababu ya harufu. Basi mkiniona tena na nywele hizi zimelala vizuri upande wa kushoto, msiniulize mafuta. Tangu mwaka wa hamsini na sita sijanunua hata kitana.