Mkanda wa Mpagazi

Kitanda kilianza kubonyea upande wa mume. Mwalimu alidhani ni chaga zimechoka, akamtania, "Seremala wa mtaa mzima, kitanda chako mwenyewe kinakushinda." Mumewe hakucheka, naye ni mtu wa kucheka hata msibani. Alisema tu, "Mgongo umechoka," akageukia ukutani, na chaga zikalia kana kwamba wamegeuka watu wawili.

Walikuwa mbioni na maonyesho ya vita. Mtaa ulikuwa umeamua kukusanya kumbukumbu za vita ya zamani iliyopita pale ikawazoa mababu zao kuwa wapagazi wa jeshi. Mwalimu ndiye aliyeongoza mradi. Alipita nyumba kwa nyumba akirekodi simulizi za familia kwa simu, na watu wakamkabidhi walivyonavyo: vifungo vya shaba, kikombe cha bati chenye tundu la risasi, blanketi lililoliwa na nondo. Mumewe alitengeneza makabati ya vioo kwenye ukumbi wa mtaa. Siku chache kabla ya kitanda kuanza kubonyea, bibi jirani naye alileta mkanda wa ngozi, mpana, uliokolea weusi wa jasho. Marehemu baba yake aliubebea mizigo, na aliporudi aliuficha darini, hakutaka kuulizwa.

"Hebu uvae nikupige picha," mwalimu alimwambia mumewe. "Tuibandike mlangoni, watu waone walivyobeba."

Akauvaa, akainama kwa mzaha, akahema kama punda. Alipouvua hakunyooka sawasawa.

Tangu hapo akawa anapinda. Soli za viatu zilipasuka. Benchi alilozoea kukalia akichonga lilikatika katikati. Hospitali walimpiga picha ya mgongo wakasema mifupa ni mizima. Nyumba ikaanza kunuka jasho, si la mtu mmoja, la watu wengi waliobanana, na ndani ya jasho hilo harufu ya vidonda vya miguu. Kila kulipopambazuka aliinuka amefumba macho, akatoka, akazunguka ua mpaka nyayo zikatoka damu.

"Nani anakuamsha?" mwalimu alimnong'oneza huku akimfunga vitambaa miguuni.

"Usiseme kwa nguvu. Yuko hapa." Alionyesha bega kwa kidevu, kwa woga. "Anasema 'simama', nasimama. Sijui kwa nini nasimama, mke wangu."

Mwalimu alikwenda kwa bibi jirani akalia mpaka sauti ikakauka. Bibi ndiye aliyempeleka kwa mganga, mwanamke wa makamo asiye na maneno mengi. Mganga alikuja asubuhi, akafukiza ubani chumbani, akauliza, "Wewe ni nani?"

Kinywa cha seremala kilifunguka, ila sauti haikuwa yake. "Ni nyapara. Nimewapanda wengi njia ile. Aliyeanguka nilimwachia fisi, nikampanda aliyemfuata. Huyu alivaa mwenyewe."

Mwalimu akapiga magoti. "Mimi ndiye niliyemvisha! Nipande mimi, mwache mume wangu!"

"Njoo," sauti ikasema kwa upole.

Mganga akamziba mwalimu mdomo, akamburuta hadi barazani. "Unataka niwazike wawili? Sikiliza, mwanangu. Jini huyu hali damu, anakula utii. Wapagazi waliamrishwa kuinuka, asiyeinuka aliuawa, na kila walivyoinuka ndivyo yeye alivyonenepa. Kesho mlaze mumeo sakafuni kabla ya jua kuchomoza, umlalie. Asiinuke mpaka jua lizame. Mimi nitakaa nje, sitatamka neno. Yakiisha nitaingia nikuguse kichwani. Kabla ya hapo, ukisikia mtu yeyote anakuambia inuka, hata iwe sauti yangu, si mtu huyo."

Basi kesho yake wakalala, seremala kifudifudi, mkewe juu yake, mikono imemzunguka. Jua lilipochomoza ikaja amri, "Simama!", na mwili wa seremala ukaruka kama samaki nchi kavu. Mwalimu akang'ang'ania. Kiboko kikaanza. Hakukiona, alikisikia kikikata hewa, halafu kikatua mgongoni pake yeye, kwa kuwa ndiye aliyekuwa juu, nguo ikachanika na ngozi ikafuata, naye akang'ata shati la mumewe asipige kelele, na nyayo zikaingia chumbani, za watu wengi, peku, nzito, wakapita kandokando ya vichwa vyao wakihema, safu isiyokwisha, na kila aliyepita aliomba kwa kunong'ona, nitueni, jamani, nitueni, naye angetaka kuwatua wote lakini mikono yake miwili ilikuwa na kazi moja tu.

Mchana mama yake, aliyekwisha kufariki, alimwita dirishani. Hakujibu. Mganga alimwita. Hakujibu.

Alasiri kiboko kikanyamaza. Mlango ukafunguka, na mumewe akasema kutoka kizingitini, kwa sauti yake ileile yenye kicheko, "Mwalimu, ameondoka. Nimenyooka, tazama! Inuka basi."

Furaha ilimpanda mpaka kiwiko kikaacha sakafu. Hapo akahisi, chini ya kifua chake, mgongo wa mumewe ukipanda na kushuka, unapumua.

Akamkumbatia upya, akafumba macho.

Giza lilipoingia mkono ulimgusa kichwani. Mganga alikuwa analia. Chini yake seremala akasema, "Mke wangu, unanivunja mbavu," na aliposimama alisimama wima. Mkanda ukachomwa uani ukawa majivu.

"Amekwenda wapi?" mwalimu aliuliza.

"Ametoka kwa mumeo," mganga alisema. "Hilo ndilo ninalolijua."

Maonyesho yakafunguliwa mchana wa Jumamosi. Ukumbi ulifurika, watu wakabanana kwenye mabenchi. Mwalimu, bandeji zikimbana ndani ya gauni, aliwaeleza juu ya wapagazi waliokufa njiani bila kaburi, na bibi jirani, mbele kabisa, alijifuta machozi. Kisha mtu akasema mlangoni, taratibu, kama mwenyeji anayewahurumia wageni wake: "Inukeni. Twende."

Mlangoni hapakuwa na mtu. Bibi jirani ndiye aliyeinuka kwanza. Hakuigusa fimbo yake. Nyuma yake mabenchi yakalia yote kwa pamoja.

"Kaeni!" mwalimu alipiga ukelele. "Jamani, nawaomba, kaeni chini!"

Hakuna aliyemtazama. Migongo ilikuwa inapinda, mmoja baada ya mwingine, kila mtu akirekebisha mabega chini ya kitu kisichoonekana. Kitu kikamshika mwalimu kifundo cha mguu. Alikuwa mumewe, ameshalala kifudifudi sakafuni, anamvuta chini kwa nguvu zake zote.

Akaanguka kando yake. Miguu ya majirani zao ikaanza kuwapita, ikielekea barabarani.