Mbio Alipima Wazo Lake

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, msichana aliyeitwa Mbio alimtungia bibi yake uzi kwenye sindano ya cherehani, maana bibi, fundi wa nguo za kike, hakuliona tena tundu. Kisha alimwuliza kama anaumwa. Bibi alijibu kwamba anaumwa na maswali.

Jina la Mbio alibandikwa na wenzake darasani, wala si kwa kushinda mashindano. Tangu mama yake alipofariki mchana mmoja, yeye akiwa shuleni, wazo moja lilimjia karibu kila siku: bibi amekufa. Kila lilipomjia alichomoka hadi nyumbani, akamkuta bibi anashona au anakoroma. Mwalimu alikuwa amechoka naye. Alitangaza kwamba atakayetoka kwenye mtihani wa mwisho hatarudi ndani, na atarudia darasa.

Siku ya kuamkia mtihani, Mbio alifika tena nyumbani akihema. Bibi alikuwa amesinzia juu ya gauni la mteja. Mbio akamtikisa.

"Nikifa nitakutumia salamu," bibi akasema bila kufumbua macho. "Niache nilale. Gauni lenyewe la harusi, na bwana harusi bado hajapatikana."

Mbio hakucheka. Alilia, akalitoa lililomkaa rohoni: kama angekuwa nyumbani siku ile, mama asingekufa.

Bibi akafumbua macho. "Mimi nilikuwapo. Nilimshika mkono mama yako, binti yangu wa kumzaa, mpaka ukapoa. Kuwapo kwangu kulizuia nini?"

Kisha bibi akavuta utepe wa kupimia, akamkumbusha Mbio habari za mteja mmoja ambaye huja akifoka kwamba gauni lake limebanwa makusudi. Bibi hagombani naye. Humpima mbele ya kioo, na kelele huisha. Wazo nalo, alisema, lipime hivyo hivyo: liulize limeona nini kwa macho, na limejitungia nini. Akakata kipande cha utepe mkuukuu, akampa.

Kesho yake, katikati ya hesabu, wazo likaja. Mbio akaukamata utepe mfukoni. Nimeona nini? Asubuhi bibi kanywa chai, kanigombeza kwa kumwaga sukari. Nimejitungia nini? Mengine yote. Akavuta pumzi polepole. Hofu haikuondoka. Ilikaa naye kwenye dawati kama mwenzake mchokozi, ila yeye aliendelea kuandika hadi kengele ilipolia.

Alirudi nyumbani akitembea. Bibi alikuwa hai, tena amenuna, uzi umemchomoka.

"Umechelewa."

"Nilikuwa kwenye mtihani, Bibi. Nimeumaliza."

Bibi akamtazama. "Siku moja wazo lako litasema kweli. Mimi mzee, sitakudanganya. Lakini mbio zako hazikumponya mama yako, na mimi hazitaniponya. Zingekunyima masomo tu. Basi kila wazo lipime kabla hujaliamini, na siku yangu ikifika, inikute nina mjukuu aliyefaulu." Akamsogezea sindano. "Haya, nitungie uzi. Bado nipo, na mteja yuko njiani."