Paprika ya Memsahib wa Ruiru

Duka la Mhindi pale Thika lilikuwa limefurika watu wa Jumamosi, na Warigia, ndani ya gauni la samawati lenye kola nyeupe, alikuwa ameziba pua kwa leso. Mwenye duka alikuwa amemfungulia kopo la unga mwekundu ulioagizwa na memsahib wake, Mzungu wa Hungaria mwenye shamba la kahawa Ruiru.

"Usiogope, mrembo, haiwashi," kijana mmoja alisema nyuma yake. Suruali yake ya kaki ilikuwa imenyooka kwa pasi. Akachovya kidole, akakilamba. "Ni paprika hiyo. Pilipili tamu, zimekaushwa zikasagwa. Inatia rangi na ladha."

"Na wewe umejulia wapi?"

"Mimi ndimi Nzioka, mpishi wa hoteli kule maporomoko ya Chania. Tia vijiko vitatu, usiwe mchoyo."

Warigia alicheka, akaondoa leso puani. Tangu siku hiyo hakukosa sababu ya kwenda Thika kila Jumamosi.

Kopo lilikaa kabatini mpaka kaka wa memsahib alipofika, akiwa ametoroka vita vya kwao. "Pika nyama ile ya kwetu ya paprika," memsahib aliamuru, akienda kumpokea steshoni. "Naharibu, kazi hapana."

Haikuwa mzaha. Miaka ile ya Hali ya Hatari, Mkikuyu kama yeye akikosa kazi alikosa na pasi, kile kibali cha kukaa nje ya kwao, na asiye na pasi alipakiwa lori akarudishwa rizavu, maeneo waliyotengewa Wakikuyu. Warigia angebaki kumsikia Nzioka kwa watu.

Warigia alichemsha nyama, akakaanga vitunguu. Mafuta yalipofuka moshi akamimina vijiko vitatu, kama alivyozoea kukaanga bizari. Unga ukawa mweusi tititi. Alionja, akatema. Uchungu mtupu!

Alikimbilia simu ya ukumbini aliyokatazwa kuigusa, akaomba aunganishwe na hoteli ya Chania.

"Nzioka, umeniponza! Kumbe ulikuwa unanichezea?"

"Polepole, mpenzi. Mafuta yalikuwa moto?"

"Yanatoa moshi! Si ndivyo bizari hukaangwa?"

"Aka! Hiyo ina sukari, huungua upesi. Sikukuambia, kosa ni langu. Mwaga yote. Kaanga vitunguu vingine, epua sufuria, ndipo utie paprika. Ikoroge, na papo hapo utie nyama na supu yake. Usikate simu, nakungoja."

Alipika, akirudi mbio simuni kila hatua.

"Ni nyekundu?"

"Nyekundu kabisa! Ngai, Mungu wangu, gari la memsahib hilo!"

Kaka yake akishusha mizigo nje, memsahib aliingia, akaona mkono wa simu ukining'inia. "Nani gusa simu yangu?" Warigia alirudi nyuma hadi mlango wa jikoni. Memsahib akampita, akaingia jikoni, akachota mchuzi, akaonja. Akafumba macho, midomo ikimcheza.

"Hii kama ya mama yangu. Nani nafundisha wewe?"

Angeweza kusema amejifundisha mwenyewe, simu ikatwe, yaishe. Lakini alikuwa amemgombeza Nzioka bure, naye alimpenda, basi.

"Ni mchumba wangu, memsahib. Yuko hapo kwenye simu."

 Sauti ya Nzioka ikatoka kwenye simu kule ukumbini, ndogo lakini kali: "Warigia! Umesema mimi ni nani wako?"

Memsahib alipangusa macho kwa glavu. "Jibu yeye," akasema. "Halafu lete sahani."

Warigia alishika simu kwa mikono miwili. "Umesikia vizuri," akasema. "Njoo uwaone wazazi wangu."