Nilimvua Nguo Maman Mapasa Mbele ya Wasomaji Wangu

Nina miaka thelathini na minne, nashona nguo karibu na soko la Kamembe, Rwanda. Wazazi wangu ni Wanyarwanda, lakini nilikulia Bukavu, Kongo, ng'ambo ya mto Rusizi, tukarudi Rwanda wakati wa vita. Ninayoandika hapa yananichoma, wasomaji wenzangu, lakini acha niyatapike!

Miaka michache iliyopita nilifungua blogu. Mtandaoni kulikuwa na jukwaa letu sisi tuliokulia Bukavu: wengine wako Kigali, wengine Ulaya. Watu waliandika kumbukumbu zao, wenzao wakawapongeza. Mimi niliandika juu ya shule yetu, juu ya ziwa... kimya! Hakuna aliyeuliza mimi ni nani. Iliniuma sana. Napenda kusikika, sifichi.

Basi nikaiba.

Kila Jumatano wanawake wa kanisa letu tunafunga na kutoa ushuhuda katika chumba cha sala. Linalosemwa mle halitoki, hata kwa mume. Siku moja alisimama rafiki yangu, muuza sambaza, vile visamaki vya ziwani. Tulimwita Maman Mapasa, yaani mama wa mapacha. Kwetu jina hilo halifutiki hata pacha mmoja akifa, na sote tulijua kwamba mmoja, Gato, alikufa kwa homa walipokuwa wakikimbia vita upande wa Bukavu.

Siku hiyo alitueleza ukweli. Risasi zilikuwa nyuma yao, nguvu zimemwishia, hakuweza tena kubeba wote wawili. Gato alikuwa na homa kweli... lakini alimlaza chini ya mgomba angali anapumua, akaondoka na pacha mwenzake, Gakuru.

Nililia naye. Nilimshika mkono. Na huku nimemshika, tayari nilikuwa natafuta kichwa cha habari! Huo ni utu gani?

Niliandika yote. Nilijidanganya kuwa nimemficha, kwa sababu nilibadilisha jina lake la ubatizo. Jina la ubatizo! Nani sokoni alilijua? Mengine sikuyagusa: mama wa mapacha, sambaza, mtoto mmoja aliyebaki.

Pongezi zikamiminika. Mmoja wa Ulaya aliandika kwa Kiswahili chetu cha Bukavu: «Maman, unajua kuandika! Batoto betu basome hii.» Wakaiweka habari yangu juu kabisa ya jukwaa. Nilipita sokoni kidevu juu, nikimsalimia hata Maman Mapasa...

Gakuru alikuwa kijana tayari, dereva wa taxi-moto, pikipiki za abiria. Abiria mmoja alimwonyesha ile habari kwenye simu, akicheka kwamba inafanana na ya kwao. Gakuru alikwenda moja kwa moja kwenye meza ya mama yake, akamuuliza mbele ya watu: «Maman, Gato alikuwa angali anapumua?»

Mama akajifunika uso kwa kitenge. Kijana akavuka kwenda Bukavu kumtafuta ndugu yake, akitumaini kuna aliyemwokota hai, na wakati huo vita vilikuwa vimewaka tena Kivu. Hajarudi mpaka leo.

Maman Mapasa alikuja kwangu. Laiti angenipiga! Alisema polepole: «Maman Rosine, miye nilisema mbele ya Mungu, weye ukapelekea bantu. Sasa baulize bale bantu bako, mutoto wangu iko wapi?»

Nikaandika tangazo, nikaweka picha ya Gakuru. Nilijiambia, wasomaji wangu wako kila mahali, watamwona tu. Wakanyamaza! Alijibu mmoja peke yake: «Maman, habari ingine tutasoma lini?»

Niliifunga ile blogu nikalia mpaka sauti ikakauka. Lakini machozi yangu yatamrudisha mtoto wa nani?

Ndugu zangu, siri uliyoisikia kwenye maombi si mali yako. Kama huna la kwako la kuandika, kaa kimya, hakuna aliyekufa kwa kukosa sifa. Nawasihi, msipite nilikopita mimi!

Na wewe Gakuru, kama macho yako yatafika hapa... mama yako alikuwa peke yake na watoto wawili mikononi, na wewe uko hai kwa sababu alichagua. Rudi. Usipotaka kuniona Kamembe, nitahama mimi.