Kipimio cha Gereji na Rula ya Babu Urho

Uvumi ulianzia kwenye foleni ya chakula cha mchana siku ya Jumatatu, na hadi Alhamisi Aili Sorvari alikuwa bado hajaweza kuukung'uta kichwani. Ulisema hivi: Kocha Peltier amegundua kwamba kuna msichana anayempelekea namba za uongo, na siku ya majaribio atalisoma jina lake mbele ya timu nzima.

"Nani kasema?" Aili alimuuliza Brynn Maddock, ambaye ndiye aliyemletea habari hizo.

"Kila mtu anasema," Brynn alijibu huku akitafuna karoti. "Mbona umebadilika rangi? Umeona mzuka kwenye viazi?"

Aili alicheka, lakini kicheko chake hakikufika mbali. Viazi vyenyewe hakuvila.

Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na shuleni kwao Duluth, kaskazini mwa Marekani, wasichana wa umri wake waliruhusiwa kugombea nafasi sita za timu ya gofu. Theluji ya huko haiondoki mpaka Aprili. Kwa hiyo anayetaka kuwa tayari majani yakitokea hufanya mazoezi ndani. Gereji ya akina Sorvari ilikuwa na zulia la kijani la kusimamia, na mbele yake pazia zito la kupokea mpira. Nyuma ya mpigaji, juu ya kigoda, kilikaa kisanduku cheusi ambacho baba yake alikiita kipimio. Mpira ukipigwa, kipimio hupima mwendo wake, na kompyuta huonyesha pale paziani ungefika wapi kama ungekuwa uwanjani. Kila Ijumaa kila msichana alipiga mipira kumi, akatafuta wastani, akampelekea kocha. Jumatatu orodha ilibandikwa kwenye mlango wa ukumbi wa michezo.

Mwezi wa kumi na moja mambo yalianza kwenda kombo. Namba za Aili zikaanza kurukaruka kama panzi. Mpira huu yadi mia moja na kumi, unaofuata mia na sabini, wa tatu haukuonekana kabisa. Wastani wake ukashuka, na jina lake likateremka mpaka nafasi ya tisa. Brynn alikuwa wa nne, naye hakuacha mtu yeyote asahau.

"Usijali, shoga yangu," Brynn alimwambia. "Hata kubeba mifuko yetu ni kazi."

Jioni ile Aili alifungua mipangilio ya kompyuta. Kulikuwa na sehemu ya kuandika mwinuko wa mahali unapocheza, kwa sababu milimani hewa ni nyepesi na mpira huenda mbali zaidi. Duluth imekaa kando ya ziwa, futi mia saba tu. Aili aliandika elfu tisa. Ijumaa iliyofuata alikuwa wa tatu.

Alijiambia ni kwa wiki moja tu. Wiki moja ikazaa ya pili, ya pili ikazaa ya kumi.

Sasa majaribio yalikuwa yamebaki wiki saba. Yangefanyika ukumbini, kwenye mashine ya kocha, ambako hakuna mkono wa mtu wa kuongeza futi.

Alhamisi hiyo, mezani, baba yake Wade aliweka uma chini na kusafisha koo.

"Nimeamua," alisema. "Kipimio kile kimezeeka. Kina miaka sita, hakijui kesho wala jana. Kuna kipya, cha kamera, hakikosei. Rafiki yangu Duane ananiomba nimwuzie kibanda cha kuvulia samaki barafuni, mwaka wa pili sasa. Jumamosi anakuja kukichukua, na Jumatatu tunaagiza kipimio."

Mama yake, Karla, aliacha kupakua. "Kibanda cha baba yako?"

"Kimekaa tu, Karla."

"Umeenda kuvua mara tisa tangu Krismasi. Huko ndiko kukaa tu?"

"Baba alikuwa mtu wa samaki. Binti yangu ni mtu wa gofu. Ana nafasi ya tatu! Unataka aikose kwa sababu ya kisanduku kibovu?"

Hapo ndipo Aili alipopaswa kusema. Maneno yalifika mpaka kwenye meno. Lakini wazo jingine likamtangulia, tena wazo tamu: kipimio kipya kikija, namba zake zikishuka, atasema ni kwa sababu kipya kinapima tofauti. Nani atabisha? Uongo wote utazikwa pamoja na kisanduku cha zamani, na hakuna atakayeuliza kaburi liko wapi.

"Ni wazo zuri, Baba," alisema. "Asante."

Mama yake alimtazama. Aliinuka, akamwekea kiganja kwenye paji la uso. "Hujala tangu jana. Una homa?"

"Sina kitu, Mama."

"Haya," Karla alisema, lakini hakuondoa macho.

Jumamosi asubuhi Wade na Aili waliendesha pikapu juu ya barafu nene ya ziwa dogo lililo kaskazini mwa mji, mpaka kwenye kibanda. Duane angefika saa sita. Kilikuwa kibanda cha mbao chenye jiko la kuni, benchi mbili, na matundu mawili sakafuni ya kuteremshia ndoano. Babu Urho alikijenga kwa mikono yake kabla Wade hajazaliwa. Kazi yao ilikuwa kutoa vitu: ndoo, taa, birika la kahawa, rula ya mbao iliyoning'inia kwenye msumari.

Aili aliishika rula, na ndipo akauona ukuta uliokuwa nyuma yake. Ulikuwa umejaa maandishi ya penseli, safu juu ya safu.

"Baba, haya ni nini?"

"Samaki wa babu yako. Kila aliyemvua, alimpima, akamwandika."

Aili alianza kusoma. Februari tatu, inchi kumi na moja na robo. Februari kumi, inchi nane, nimemrudisha. Kisha mstari mmoja ulimsimamisha: *Inchi tisa. Wade amesema kumi. Ni tisa.*

Wade aliinama, akausoma, akaangua kicheko. "Hiyo naikumbuka! Nilikuwa na miaka saba. Nilikimbia dukani nikawatangazia watu kwamba baba amevua wa inchi kumi. Hakuna aliyejali, mvuvi gani hapa haongezi inchi mbili? Lakini kesho yake mzee alivaa koti, akatembea mpaka dukani, akasema, 'Yule samaki alikuwa tisa.' Walimcheka wiki nzima. 'Urho, leo umevua inchi ngapi, au tumwite hakimu?'"

"Kwa nini alirudi?"

"Nilimuuliza. Akasema, 'Rula yangu ni moja tu. Nikiiharibu, nitapimia nini?'"

Aili aliirudisha rula kwenye msumari.

"Baba, usikiuze kibanda."

"Tumeshaongea, mwanangu."

"Mimi si wa tatu." Alimgeukia. "Niliandika futi elfu tisa kwenye kompyuta. Tangu mwezi wa kumi na moja. Namba zote nilizompelekea kocha ni za uongo. Na nilitaka kipimio kipya ili nipate pa kusingizia."

Wade aliishusha ndoo aliyoshika. Alikaa kwenye benchi. Kuni zilialika ndani ya jiko. Aili angependa afokewe.

"Ningekiuza," baba yake alisema mwishowe, polepole. "Ningekiuza kibanda cha baba yangu kwa ajili ya namba ya uongo. Na wewe ungenitazama tu."

"Ndiyo, Baba."

Nje, injini ilinguruma na kuzimika. Duane alikuwa amewahi.

"Nenda ukamwambie," Wade alisema. "Mimi sisemi kwa niaba yako."

Aili alitoka. Duane, mtu mnene mwenye kofia ya kufunika masikio, alikuwa tayari anafungua mnyororo wa kukokotea. Aili alimweleza yote bila kupunguza, huku machozi yakimgandia mashavuni.

Duane alijikuna kidevu. "Nimeendesha maili kumi na tano nije niambiwe hapana na mtoto?"

"Ndiyo, bwana. Samahani. Kosa ni langu."

"Hm. Afadhali ukweli wa barafuni kuliko ahadi ya jikoni. Basi angalau nipeni kahawa."

Nyumbani, Karla alisikiliza akiwa amefunika mdomo kwa mkono. "Moyo wangu ulijua," alisema. "Nilidhani ni ugonjwa. Kumbe ni mzigo." Alimkumbatia, kisha akamwachia na kumtazama usoni. "Sasa mpigie kocha. Leo hii, kabla ujasiri haujapoa."

Kocha Peltier alisikiliza mpaka mwisho. "Nani amekwambia nitasoma jina la mtu?" aliuliza. "Nilichosema ni kwamba vipimio vingi vya nyumbani vinadanganya kwa sababu vimewekwa vibaya, na kila mtu akapime upya. Sikumjua mwongo yeyote, Aili. Sasa namjua mmoja, na amejitaja mwenyewe. Nalifuta jina lako kwenye orodha ya majira ya baridi. Utakuja kwenye majaribio ukitokea mkiani. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Kocha."

"Na kabla baba yako hajanunua chochote, mwambie achukue tepu ya kupimia."

Wade alitafuta kijitabu cha kipimio kwenye droo. Kilisema: kutoka kisanduku mpaka mpira, futi nane. Walipima. Zilikuwa tano. Wote wawili waligeuka, wakaitazama friza kubwa iliyosimama kando ya ukuta. Waliiingiza gerejini mwezi wa kumi na moja, Wade aliporudi mawindoni na kulungu wawili, na zulia likasogezwa nyuma ili fimbo isigonge friza. Hakuna aliyekumbuka kusogeza kipimio.

Wade alishika kichwa. "Jamani! Miezi mitatu nyama ya kulungu inacheza gofu humu ndani! Na mimi nilikuwa tayari kutupa kisanduku kizima. Nilikisingizia ubovu bila hata kukipimia nafasi. Hapo sikuwa bora sana kuliko wewe, binti yangu."

Friza ilihamishiwa chumba cha kufulia, na Karla akaguna lakini akakubali. Zulia likarudi mahali pake. Aili akafuta elfu tisa, akaandika mia saba, akapiga mipira kumi. Namba hazikuruka tena. Zilitulia, na zilisema yadi mia moja thelathini na moja.

Zilikuwa chache kuliko alivyoogopa. Alitamani kulia, badala yake akachukua penseli na kuandika ukutani: *131.*

"Bado unataka kipya?" baba yake aliuliza.

"Hapana. Hiki kinasema kweli. Anayehitaji kuboreshwa ni mimi."

Wiki zilizofuata Aili hakukosa siku. Alipiga akiwa na soksi mbili na hita ikipuliza miguuni. Kila Ijumaa aliandika ukutani kile alichopata, hata wiki ile aliyorudi nyuma. 133. 137. 136. 141. Mikono yake ilitoka malengelenge, yakapasuka, yakawa ngozi ngumu. Brynn alimtania kwamba orodha ya kocha imepata tundu, naye akajibu, "Tundu hilo ni langu, nitaliziba."

Asubuhi ya majaribio, nyumbani, alipata 145. Ukumbini, kwenye mashine ya kocha, macho ya timu nzima yakiwa mgongoni kwake, alipata 146.

Hazikutosha. Alikuwa wa saba, mchezaji wa akiba. Brynn, aliyekuwa wa tano, alimsogelea. "Pole. Ni wewe, sivyo? Yule wa uvumi."

"Ni mimi."

Brynn alitazama kwanza nyuma yake. "Mashine yetu nyumbani hatujaipima," alisema kwa sauti ndogo. "Unaweza kuja na tepu?"

Garini Wade aliwasha injini. "Mia na arobaini na tano nyumbani, mia na arobaini na sita ukumbini," alisema. "Kipimio kizima. Na mtoto mzima."

Karla aligeuka kutoka kiti cha mbele. "Nikwambie, Aili. Nafasi ya tatu ilikuwa inakunyima chakula. Hii ya saba imekurudishia hamu ya kula. Kitu unachokipata kwa uongo hukai nacho, chenyewe ndicho kinachokaa nawe, kinakula kwenye sahani yako. Mwaka ujao utapanda, na utapanda kwa miguu yako. Usimwonee haya mtu."

Jioni hiyo Karla alichukua karatasi, akaandika kwa herufi kubwa, akaibandika ukutani gerejini, chini ya namba za penseli. Imekaa hapo hata leo, na mtoto yeyote anayekuja kucheza huisoma kwanza:

Usibadilishe kipimo ili ujione mkubwa.
Usinunue kipya kabla hujakagua cha zamani.
Usisogeze kitu kimoja ukasahau kingine.
Usiseme "wiki hii tu."
Usinyamaze mtu mwingine akilipia kosa lako.
Usingoje uvumi ukuseme, jiseme mwenyewe.
Usirudishe friza hapa.