Kisu cha Idrisi katika Bonde la Thuci

Lori lilianza kuteleza kabla halijafika daraja la mto Thuci. Munyi, dereva, alizungusha usukani huku akikanyaga breki, lakini udongo uliolowa mvua haukushika magurudumu. Waliporomoka bondeni wakivunja mianzi, mpaka lori likasimama pua chini, limebanwa na mawe makubwa huku na huku. Milango yote miwili ilikataa kufunguka. Mbele, kioo kilikuwa kimepasuka na maji ya mto yakaanza kuingia.

Walikuwa watatu kwenye kiti kimoja. Karibu na mlango alikaa Idrisi, mchinjaji wa mtaa wa Majengo, anayepeleka ngozi Meru. Katikati alikuwa Karambu, mama wa kijiji cha Kanyakine aliyetoka kumwona dada yake huko Kibugu. Tangu watoke mjini Embu hawakuwa wamesemezana. Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ikiwasaka wapiganaji wa msituni, na hakuna aliyejua jirani yake angepeleka neno wapi.

Karambu alifungua kinywa kuita msaada. Munyi akamshika mkono.

"Usipige kelele, mama. Huu msitu umefungwa. Askari wakisikia sauti wanapiga risasi kwanza."

Mguu wa dereva ulikuwa umevunjika chini ya goti, na aliongea akiuma meno. Panga la gari lilikuwa limechukuliwa na askari kwenye kizuizi asubuhi ile. Njia iliyobaki ilikuwa ukuta wa nyuma yao, wa mbao.

Idrisi akatoa kisu cha kukunja alichokificha ndani ya soksi. Akaanza kuchimba ubao mahali ulipooza. Mpini ulikuwa wa pembe, mwembamba, umelainika kwa miaka ya kushikwa, na kwa maji yale uliteleza kama samaki. Alipokandamiza kwa nguvu, kisu kikajikunja na kumkata vidole hadi karibu na mfupa.

Karambu alimfunga kwa leso yake. Maji yalikuwa yamefika magotini. Akakiokota kile kisu, akakigeuzageuza.

"Hiki hakina pa kushika," alisema. "Dereva, una kipande cha tyubu?"

Munyi akapapasa chini ya kiti, akampa mpira uliokatika. Karambu alikwangua pembe ya mpini kwa msumari uliotokeza ukutani mpaka ikawa na mikwaruzo. Akachukua mwanzi uliopenya kwenye kioo kilichopasuka, akachomeka kijiti chake kwenye bawaba ili kisu kisijikunje tena, akaweka vipande vingine viwili kuongeza unene, kisha akazungushia mpira. Juu yake akafunga kamba alizochomoa kwenye kiondo chake, kikapu alichokuwa hajamaliza kusuka, akivuta kila mzunguko kwa meno. Mpini ukajaa kiganja.

Alichimba yeye mwenyewe. Mikono ilipomfa ganzi, Idrisi alipokea kwa mkono wa kushoto, na mpini haukumponyoka. Munyi aliinua uso ili maji yasimwingie mdomoni, akawaambia wafuate mstari wa misumari, kwa kuwa hapo mbao zilikuwa zimelika kwa kutu. Hewa ilinuka ngozi mbichi na dizeli. Hakuna aliyesema habari ya kumwacha mwenye mguu uliovunjika.

Ubao wa kwanza ukaachia. Idrisi akaupiga teke, na wa pili ukafuata. Wakamvuta Munyi kupitia tundu lile, naye akauma mkono wa koti asilie.

Huko nje, Karambu alikitazama kile kisu, akakitupa mtoni. Kukutwa nacho msituni kungewaua wote. Idrisi akaingiza bega lake chini ya kwapa la Munyi.

Walipanda wakishika mianzi, Munyi katikati yao, wakapumzika, wakapanda tena. Walipofika kwenye kambi ya walinzi wa serikali jua lilikuwa limezama, na saa ya mwisho ya kuruhusiwa kutembea ilikuwa imepita. Karambu alisimama barabarani, mbali na lango, akataja kwa Kimeru jina lake, la baba yake na la kijiji chao.

Bunduki zikatokea juu ya ua. "Mikono juu!"

Idrisi na Karambu wakainua mkono mmoja mmoja. Ile mingine ilikuwa imemshika Munyi kiunoni.

"Nimesema mikono yote!" mlinzi akafoka.

"Tukiinua yote," Karambu akajibu, "huyu wetu ataanguka."

Munyi alihisi mikono ile ikimkaza zaidi. Kisha mlinzi mmoja akashuka ngazi nyuma ya ua, na boriti la lango likaanza kuondolewa.