Kamusi Wodini

Kila jioni baada ya shule, Kamusi alipitia hospitali kumpelekea mama yake uji. Darasani walimpa jina hilo kwa sababu alizijua nahau za Kiingereza kama vidole vyake: mvua kubwa hunyesha paka na mbwa, kazi rahisi ni kipande cha keki.

Mdogo wake alikuwa amelazwa kwa nimonia. Mama hakubanduka kitandani pake, maana mtoto alikuwa aking'oa mpira wa oksijeni puani kila mara.

Jioni moja alipita daktari mgeni asiyejua Kiswahili. Akampima mtoto kifua, akasema jambo kwa Kiingereza, akaenda zake.

"Amesemaje?" mama aliuliza.

Kamusi alisikia kila neno: mtoto bado hajatoka msituni. Msitu gani tena? Nahau hiyo hakuwahi kukutana nayo.

"Haya Kamusi, funguka!" alitania bibi wa kitanda cha pili. "Au panya wamekula kurasa?"

Wodi nzima ikacheka. Kamusi akaona haya. "Amesema anaendelea vizuri, mama. Tusiwe na wasiwasi."

Mama akashusha pumzi. "Afadhali. Njoo unisaidie kufua mashuka yake."

Bombani nyuma ya wodi, Kamusi alikamua shuka lilelile mara mbili.

"Mama, sikuelewa alichosema. Nimebuni tu."

Mama alitupa nguo chini akakimbilia wodini. Mpira ulikuwa juu ya mto. Midomo ya mtoto ilikuwa imegeuka rangi, na bibi jirani alikuwa amesinzia. "Nesi! Nesi jamani!"

Nesi alihangaika na mtoto hadi pumzi zikarudi, dhaifu. Kamusi alipomtajia maneno ya daktari, nesi alimgeukia. "Hajatoka msituni maana yake hajavuka hatari. Mngekawia kidogo..."

Kamusi alilia. Mama hakumbembeleza.

"Futa machozi unisikilize, mwanangu. Kutojua neno hakumuui mtu. Kujifanya unajua, umeona mwenyewe."

Kesho yake daktari alirudi, akasema mengine marefu. Wodi nzima ikamtazama Kamusi, hata bibi.

"Samahani, daktari," Kamusi alisema kwa Kiingereza. "Sijaelewa. Nieleze kwa maneno mepesi."

Daktari akaketi ukingoni mwa kitanda, akaanza upya, polepole. Mama alisikiliza, mkono wake ukiwa umeushika mpira.